Mwalimu Hodari Apangiwe Darasa la Kwanza

Upareni, shule hujengwa kwa msaragambo. Wananchi husomba mawe na mchanga, mafundi huinua kuta, na wazawa walioko Moshi, Arusha na Dar es Salaam huchangia saruji na mabati. Kwa moyo huo milima ya Same na Mwanga ilipata shule mapema, kuanzia zile za misheni za mwanzoni mwa karne ya 20 hadi sekondari za wananchi na makanisa zilizoongezeka kwa kasi mkoani Kilimanjaro miaka ya 1980.

Ndani ya kuta hizo, hata hivyo, nguvu nyingi huelekezwa mwisho wa safari. Matokeo ya darasa la saba yakitoka, kila mtu anataka kujua shule imefaulisha wangapi. Wachache huuliza ni watoto wangapi wa darasa la pili wanaosoma hadithi fupi na kueleza inahusu nini. Walimu wakuu wanafahamu watapimwa kwa lipi. Ndiyo maana, katika shule nyingi nchini, mwalimu hodari hutunzwa kwa ajili ya darasa la mtihani, na darasa la kwanza hupewa yeyote aliyebaki.

Mpangilio huo ugeuzwe.

Mwaka 2013, upimaji wa kitaifa ulionyesha kwamba takribani wanafunzi 8 tu kati ya 100 wa darasa la pili waliweza kusoma Kiswahili kwa ufahamu uliotarajiwa. Serikali ilishtuka. Mtaala wa mwaka 2015 ukatenga asilimia 80 ya muda wa darasa la kwanza na la pili kwa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na walimu wakafundishwa kuanza na sauti ya herufi kabla ya jina lake. Waratibu elimu kata walipewa pikipiki ili wafike shuleni mara kwa mara. Januari 2016 michango ya lazima ikafutwa, watoto wakamiminika, na madarasa ya awali na ya kwanza yakafurika.

Ugumu wenyewe unastahili kuelezwa. Kiswahili kina irabu tano na tahajia isiyobabaisha, hivyo mtoto huweza kutamka silabi baada ya miezi michache. Urahisi huo hudanganya. Darasa zima likiimba "ba, be, bi, bo, bu", asiyejua hujificha ndani ya sauti za wenzake. Kisha yanakuja maneno marefu: mtoto anayesoma "walipomwambia" kwa kudonoa silabi moja moja hufika mwisho akiwa amesahau alikoanzia. Ametamka kila kitu, hajaelewa kitu. Dawa yake ni mwalimu kumsikiliza mtoto mmoja mmoja akisoma kwa sauti, na mtoto kuwa na kitabu cha kurudia. Serikali imeweka kiwango cha mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Wakiwa 60 katika kipindi cha nusu saa, kila mmoja anapata nusu dakika.

Wilaya ya Same ina ugumu wa ziada. Kule Chome, Vudee na Mbaga, Chasu bado ni lugha ya nyumbani kwa familia nyingi. Kwenye tambarare za Ruvu na Makanya wapo watoto wanaoanza shule wakiwa na Kimaasai. Mwalimu wa darasa la kwanza anafundisha herufi na lugha kwa pamoja. Hiyo si kazi ya kumkabidhi asiye na uzoefu.

Wapo watakaosema mtihani wa mwisho ndio unaoamua nani aende sekondari, kwa hiyo mwalimu hodari apelekwe huko. Lakini karatasi ya mtihani, hata ya Hisabati, husomwa kwanza. Wakulima wa Upare wanaijua ndiva: maji ya kijito hukusanywa humo usiku, asubuhi yakafunguliwa kwenda mashambani. Isipojaa usiku, ustadi wote wa kugawa maji mchana hautayafikisha kwenye shamba la mwisho. Na muda wa kurekebisha unazidi kupungua, kwani Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imepunguza elimu ya msingi kutoka miaka 7 hadi 6.

Jirani ameonyesha njia. Mpango wa Tusome ulioanza Kenya mwaka 2015 ulimpa kila mtoto kitabu chake, ukampa mwalimu kiongozi cha somo kwa kila siku, na maofisa wakaingia darasani kusikiliza watoto wakisoma, badala ya kuishia ofisini kwa mwalimu mkuu.

Halmashauri ya Same haihitaji kusubiri mradi wa wafadhili ili ianze. Walimu wakuu wanaweza kupanga walimu upya Januari ijayo. Kamati za shule zinaweza kuweka ajenda ya kwanza katika kila kikao: idadi ya watoto wa darasa la pili wanaosoma kwa ufahamu, na majina ya wale wanaohitaji msaada kabla muhula haujaisha. Wazawa wa mijini, wanapoombwa mchango wa mabati, waulize pia kama kuna sanduku la vitabu vya hadithi ambavyo mtoto anaruhusiwa kwenda navyo nyumbani. Kama halipo, msaragambo unaofuata uanzie hapo.