Goti Lina Daktari, Kichwa Je?

Ikisikika habari ya mwanafunzi aliyelemewa na mawazo, hakosekani mtu wa kusema: "Angekuwa anacheza mpira, yasingemfika." Imani hii kwamba uwanja wenyewe ni tiba haina mashiko.

Mazoezi yanachangamsha mwili na akili, sibishi. Lakini hapo tunazungumzia mpira wa jioni, wa kutoa jasho tu. Kijana aliyechukuliwa na shule binafsi kwa sababu ya mguu wake wa kushoto yuko kwingine kabisa. Anasoma bure maadamu anafunga. Goti likiteguka, ada inamrudia mama yake. Hiyo ni ajira isiyo na mkataba, na anaifanya akiwa na miaka 16, mtihani wa kidato cha nne ukimsubiri Novemba.

Nenda kambi ya mkoa kabla ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania. Magodoro yametandikwa madarasani, mazoezi ni asubuhi na jioni, kisha inafika siku ya kusoma majina. Aliyeachwa anakunja shuka lake wenzake wakimtazama. Kwenye sanduku la huduma ya kwanza kuna bandeji na dawa ya kupuliza. Yeye anaambiwa "kaza moyo", basi.

Wanaodai tunalea wadekaji wamtazame Simone Biles, mwanajimnastiki wa Marekani. Julai 2021 kwenye Olimpiki ya Tokyo alijitoa katikati ya fainali ya timu, akili na mwili vimeacha kuelewana angani, akasimangwa na wengi. Paris 2024 alibeba dhahabu tatu, na asubuhi ya fainali ya timu alianza kwa kuzungumza na mtaalamu wake wa saikolojia. Huo ndio udekaji?

Utaambiwa kocha ni mlezi, inatosha. Hapo ndipo ninapogoma. Kocha ndiye anayepanga kikosi. Nani atamwambia kwamba halali usiku, kwamba akiuona mpira tumbo linamvuruga, halafu ategemee kuanza Jumamosi? Atasema goti linauma, maana goti linaruhusiwa kuuma.

Wanamichezo wa shule wapewe mshauri wa saikolojia, naye awe mtu asiye na kauli kwenye kikosi wala deni la kumpelekea kocha taarifa. Shule nyingi zitajibu kwamba mwalimu wa ushauri nasaha zinaye. Mara nyingi ni huyohuyo wa nidhamu, na fimbo yake iko kwenye kabati la ofisi anamotaka mtoto aingie kulia.