Ufa Usioonekana

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Walimu wengi niliowafunza wameisambaza methali hiyo nchi nzima. Lakini wahenga walizungumzia ufa unaoonekana. Ukingo wa mto huweza kuoza kwa ndani huku juu nyasi zimestawi. Maji hupenya chini yake, huchukua mchanga punje kwa punje na kuacha mianya. Udongo uliolowa huwa mzito na kupoteza nguvu. Mto ukipungua ghafla, maji yaliyokuwa yakiuegemea ukingo huondoka, nao huporomoka. Watu hushangaa: mbona mvua imekwisha?

Ndugu msomaji, ugonjwa huo hupimika. Wataalamu huchomeka vijiti vya chuma juu ya tuta, hupitisha umeme kidogo ardhini na kupima jinsi udongo unavyoupinga. Mchanga mkavu huupinga sana. Udongo uliolowa huupitisha kwa urahisi. Mfinyanzi nao huupitisha, kwa hiyo hutobolewa mashimo machache penye shaka ili kuthibitisha.

Sisi wa Kinondoni na Temeke tunafanya nini? Tunapanga viroba vya mchanga na matairi, huku malori yakichota mchanga mtoni. Maafa yakija, tunasema ni kazi ya Mungu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 Dar es Salaam, na mwaka 2012 waathirika wengi walipewa viwanja Mabwepande. Kuwahamisha watu ni rahisi kuliko kuujua udongo.

Wapo watakaosema vipimo ni anasa ya matajiri. Basi waitazame New Orleans, Marekani, mwaka 2005. Baadhi ya kuta za mifereji zilianguka kabla maji hayajazipita kimo, kwa sababu udongo chini yake ulikuwa dhaifu. Kama tajiri alizama kwa kutoujua udongo wake, maskini atapona kwa lipi?

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa Bonde la Msimbazi. Ni jambo jema. Je, Kizinga, Mzinga na Mbezi? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha jiolojia; vijana wetu wapewe kazi. Ukingo upimwe kabla ya zege, upimwe tena baada ya masika, na majibu yabandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa.

Mwanafunzi anayejibu bila kusoma swali tunampa sifuri. Mkandarasi anayejenga ukingo bila kuupima tunampa hundi.