Sura za Wazee Wetu Zisigeuke Vivuli

Ufikapo mwezi wa Desemba, wafanyakazi wengi walioko mijini hufunga safari kwenda kuwaona wazazi wao Tarime na Mugumu. Katika mizigo yao haikosi kamera ya dijitali, au walau simu yenye kamera. Picha hupigwa nyingi: bibi mbele ya nyumba, babu na wajukuu, ndugu wote wamejipanga uani. Lakini zinapotazamwa baadaye, mara nyingi huonekana kwamba mbingu imetoka vizuri, bati la nyumba linang'aa, na uso wa bibi ni kivuli kitupu kisichokuwa na macho.

Jambo hili si dogo. Katika familia nyingi, picha ya likizo ndiyo inayotafutwa siku mzee anapofariki dunia, ili ikuzwe na kuwekwa mbele ya waombolezaji. Siku hiyo hakuna awezaye kurudi kuipiga upya.

Wengi hudhani kwamba sababu ni kamera ya bei ndogo. Ukweli ni kwamba kamera yoyote ikiachiwa ijiamulie, hupima mwanga wa eneo lililo mbele yake na kutafuta wastani, kana kwamba dunia yote ina rangi ya kijivu. Mbingu nyeupe ikijaa katika picha, kamera huona mwanga umezidi, nayo huupunguza. Uso mweusi ulio mbele ya mbingu hiyo hupunguziwa pamoja nayo. Zipo kamera za kisasa zenye uwezo wa kutambua sura ya mtu, lakini hata hizo huweza kushindwa mwanga wa nyuma unapokuwa mkali.

Inafaa kukumbuka kwamba tatizo hili lina historia. Kwa miaka mingi ya karne ya 20, maabara za kusafisha filamu za rangi zilirekebisha mitambo yao kwa kadi za vipimo zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kwa jina la Shirley. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada aliandika mwaka 2009 kwamba miongoni mwa malalamiko yaliyoifanya kampuni ya Kodak iboreshe filamu zake ni yale ya watengenezaji wa chokoleti na samani, ambao bidhaa zao za rangi ya kahawia hazikutoka sawasawa. Hivyo mtu mweusi anayejifunza kupiga picha hana budi kukitawala chombo chake mwenyewe, asikiachie kila uamuzi.

Basi afanye nini? Kwanza, achague saa. Wilaya za Tarime na Serengeti ziko karibu sana na Ikweta. Jua la adhuhuri husimama juu ya kichwa au karibu yake, na paji la uso huyatia macho kivuli. Huko, jua hufikia kilele chake karibu na saa saba kasoro robo mchana, wala si saa sita kamili. Wakati mzuri ni kabla ya saa tatu asubuhi, na baada ya saa kumi na moja jioni, jua linapoangaza usoni kutoka upande. Siku ya mawingu ya mvua za vuli nayo ni neema, kwa kuwa mawingu huutawanya mwanga ukawa laini.

Pili, achague mahali. Ikiwa ni lazima kupiga mchana, mzee na aketi chini ya upenu au kwenye mlango ulio wazi, akitazama nje kwenye mwanga. Nyuma yake pawe na ukuta usiong'aa, pasiwe na mbingu wala bati. Kivuli cha mti kinafaa endapo kimekamilika. Madoadoa ya jua yapenyayo katika majani huuharibu uso.

Tatu, apime mwanga wa uso. Kwenye simu nyingi, gusa uso wa mtu kwenye kioo, kisha sogeza alama ya jua ili kuongeza mwanga. Kwenye kamera, tafuta kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa. Kujumlisha 1 ni kuongeza mwanga mara mbili. Hata hivyo, tuwe na kiasi: sehemu nyeupe iliyoungua, kama vile shela la bibi harusi, haiwezi kurudishwa, ilhali sehemu yenye giza yaweza kuinuliwa kidogo baadaye.

Kanuni hii ina upande wa pili. Anayetembelea Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na kumpiga picha nyati aliyejaa kwenye kioo, atashangaa kumwona amekuwa wa kijivu. Hapo kamera imedhani kuna giza, ikaongeza mwanga. Dawa yake ni kutoa badala ya kujumlisha.

Enzi za filamu, mkanda wa kawaida ulikuwa na picha 36, na kila kosa lilikuwa na gharama yake. Leo kujifunza hakugharimu filamu. Mpige mtu mmoja picha mahali pamoja saa mbili asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na moja jioni, kisha zilinganishe. Zoezi hilo la siku moja litakufunza kuliko kununua kamera mpya.

Ndugu msomaji, unapokwenda likizo safari hii, omba ruhusa ya wazee wako, wape muda wa kuvaa wanavyopenda, na uwapige picha mmoja mmoja mapema asubuhi. Ukirudi mjini, chapisha picha hizo kwenye karatasi, kwa maana simu huibwa na kadi za kumbukumbu huharibika. Nyuma ya kila picha andika jina, kijiji na tarehe, kisha uwapelekee nakala wenyewe.