Raporti ya Karuba na kitufe cha Kinshasa: nani anaamua?

Kila mwisho wa mwezi, muuguzi mkuu wa kituo cha afya anajaza makaratasi: wagonjwa wangapi wa malaria, wamama wangapi wamezalia kituoni, watoto wangapi wamepata chanjo, dawa gani imeisha. Makaratasi yanapelekwa ku ofisi kuu ya zone ya afya, na huko yanaingizwa katika programu ya kompyuta inayoitwa DHIS2. Programu hiyo ilitengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Leo inabeba hesabu za zone za afya 519 za Kongo, na 34 kati ya hizo ziko Kivu ya Kaskazini.

Nchi nzima inatumia programu moja, na mipangilio yake mikubwa inashikwa na watu wachache. Hapo ndipo jambo linagusa mukaaji wa Karuba.

Tangu vita virudi Masisi, barabara ya kushuka Sake inaweza kufungwa siku nyingi. Rezo nayo inakatika, na hata ikiwepo, mega zinagharimu. Raporti ikichelewa wiki mbili, mara nyingi si uvivu wa muuguzi.

Lakini kompyuta haijui vita. Ndani ya DHIS2, msimamizi anaweza kuweka idadi ya siku za kuingiza raporti mwezi ukiisha. Siku zikipita, fomu inajifunga. Akiweka siku 15, ni 15 kwa kituo cha katikati ya Kinshasa, na ni 15 pia kwa kituo cha Masisi. Kuna mpangilio mwingine unaoficha, katika hesabu za jumla, takwimu ambazo wakubwa hawajazikubali. Ukiwashwa, raporti inaweza kuwa imeingizwa na bado isionekane.

Matokeo yake ni nafasi tupu kwenye jedwali. Tupu si sifuri, lakini anayegawa dawa akiwa mbali anaweza kusoma kwamba Karuba wagonjwa wamepungua, wakati kituo kimejaa watu waliokimbia vijiji vyao.

Je, basi mlango ubaki wazi siku zote? Hapana. Namba zikiweza kubadilishwa hata mwaka baadaye, hakuna atakayejua ipi ni ya kweli. Programu yenyewe ina njia ya katikati: msimamizi anaweza kufungulia kituo kimoja, kwa mwezi mmoja, bila kugusa vingine. Kinachotakiwa ni mtu wa kuomba na mtu wa kujibu haraka.

Hatari ya badiliko moja kwa wote imeonekana hata kwa matajiri. Tarehe 19 Julai 2024, kampuni ya Marekani CrowdStrike ilituma faili moja ya mipangilio yenye kosa. Kompyuta karibu milioni 8.5 zilizima, ndege zikabaki chini, hospitali zikaahirisha kazi. Faili iliondolewa kabla ya saa moja na nusu kuisha, lakini kompyuta nyingi zilibidi zitengenezwe moja moja kwa mkono.

Kutokana na hayo, mafundi wana desturi nne. Badiliko lijaribiwe kwanza kwenye nakala ya pembeni. Watakaoguswa wajulishwe mapema. Iandikwe ni nani amebadilisha, lini na kwa nini. Na njia ya kurudi nyuma iwe tayari kabla ya kubonyeza.

Kwa wakaaji, kazi haianzii ku kompyuta. CODESA inaketi na kituo kila mwezi, na ma-RECO wanajua nani amehama na nani amefika. Wanaweza kuuliza swali moja rahisi: raporti yetu ya mwezi uliopita iliingia, ao inahesabiwa tupu? Jibu likiwa tupu, ombi la kufunguliwa liende ku zone siku ile ile, kabla dawa hazijagawanywa.