Kipaza Sauti Si Maikrofoni: Kiswahili na Utangazaji wa Michezo ya Video

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Methali hii inafaa kukumbukwa kila michezo ya video inapotajwa mbele ya wanazuoni wa Kiswahili. Aghalabu michezo hiyo hudharauliwa na kuitwa upuuzi wa vijana wasio na kazi. Hata hivyo, imezaa aina mpya ya utangazaji. Kijana hucheza kandanda au ndondi katika kompyuta, akaeleza kwa sauti yake mwenyewe anachokifanya, nao watazamaji walio mbali wakamfuata mubashara kupitia YouTube, Twitch au TikTok. Huu ni uwanja wa lugha ya mazungumzo. Kiswahili hakina budi kuchagua kati ya kuuingia na kuuachia Kiingereza.

Waama, uwanja wenyewe si mgeni kwa wazungumzaji wa Kiswahili. Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki mwaka 2025, aliwawezesha Wakenya kuutazama mpira kwa masikio kupitia redio ya taifa. Baadaye, DJ Afro akajipatia sifa kwa kusimulia filamu za kigeni kwa lugha ya mitaani, na watazamaji wakajazana katika vibanda vya video kumsikiliza yeye kama walivyomtazama mwigizaji. Wote wawili walitegemea vitu viwili: ulimi mwepesi na chombo cha kuipokea sauti. Mtangazaji wa michezo ya video amerithi mahitaji yayo hayo. Ulimi anao. Tatizo limo katika chombo, na mwanzo wa tatizo hilo ni jina lake.

Kijana wa Voi akiingia katika duka la vifaa vya umeme na kuomba kipaza sauti, muuzaji analazimika kumuuliza, "Cha kusemea au cha kutolea sauti?" Swali hilo ni la haki. Neno moja limebebeshwa mizigo miwili iliyo kinyume: chombo kinachoingiza sauti katika mitambo na chombo kinachoitoa nje. Wapo wanaokwepa mkanganyiko huo kwa kusema "kinasa sauti", ilhali jina hilo limekwisha kuzoeleka kwa mashine ya kurekodi. Vile vya masikioni navyo huitwa hedifoni, visikizi au vipokea sauti, kutegemea ni nani anayezungumza. Mnunuzi akichoshwa na mambo haya hukimbilia Kiingereza. Akisharudi nyumbani na kufungua matangazo yake, hukimbilia Kiingereza hicho hicho.

Kitenzi "paza" chenyewe kinatosha kuamua shauri hili. Kupaza ni kuinua, ni kufanya sauti isikike mbali. Maikrofoni haifanyi hivyo. Kazi yake ni kugeuza mtikisiko wa hewa kuwa mkondo wa umeme. Kinachopaza ni spika iliyo mwisho wa waya. Kwa hiyo, "kipaza sauti" liachiwe spika, nayo maikrofoni iitwe maikrofoni. Kiswahili kilizipokea redio, kamera na kompyuta bila kupungukiwa na chochote. Hakitadhurika kwa kuipokea maikrofoni. Hedifoni nayo imekwisha kupata silabi wazi na ngeli yake. Kuifukuza ni kupoteza wakati.

Huenda msomaji akauliza kama tofauti hizi zina faida yoyote nje ya kamusi. Zina faida kubwa, na mazingira ya Voi yanaidhihirisha. Mji huo uko kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, na malori hupita usiku na mchana. Reli nayo i karibu. Joto ni kali, na nyumba nyingi zimeezekwa kwa mabati. Mtangazaji akifungua dirisha, lori linaingia katika matangazo. Akilifunga, hana budi kuwasha feni, na mvumo wa feni hauna subira. Mvua ikinyesha, mabati hutwaa utangazaji wote.

Katika chumba kama hicho, maikrofoni ya kondensa, inayosifiwa mno katika matangazo ya biashara, yaweza kuwa hasara. Utando wake ni mwepesi, nayo hudaka mnong'ono, feni na lori kwa uaminifu ule ule. Maikrofoni ya dainamiki, inayofanya kazi kwa koili na sumaku, haina wepesi huo. Mtu akiisemea kwa karibu, hupokea kinywa zaidi ya chumba. Umbali nao una kanuni yake: ukiongezwa maradufu, nguvu ya sauti ya msemaji inayofika katika maikrofoni hupungua hadi robo, ilhali kelele za chumba hubaki zilivyo. Hivyo basi, anayesogea hadi nusu shubiri humshinda mwenye chombo ghali aliyekaa mbali. Blanketi zito likitundikwa ukutani, mwangwi hupungua. Hedifoni ikivaliwa, sauti ya mchezo hairudi tena katika maikrofoni. Maarifa haya yote yaweza kuelezwa kwa Kiswahili, almuradi vitu viwe na majina.

Fauka ya hayo, mwanafunzi wa Kiswahili ana mtaji ambao mafundi wengi hawana. Amefundishwa vipasuo na vikwamizo. Anajua kwamba katika lahaja za pwani kama Kimvita, "paa" wa mwituni hutamkwa kwa mpumuo ilhali "paa" la nyumba halina mpumuo. Mpumuo huo ndio unaoipiga maikrofoni na kutoa mshindo wa kuudhi. Tiba yake ni kitambaa chepesi cha kuuvunja upepo, au kukielekeza chombo kando kidogo ya kinywa. Vilevile, anajua kwamba "thamani" na "samani" hutofautishwa na kikwamizo kimoja tu. Simu za jadi hukata masafa yaliyo juu ya takribani hezi 3,400, na nguvu nyingi ya [s] hukaa juu ya mpaka huo. Chombo hafifu kinachokata sauti namna hiyo humfanya msikilizaji akisie. Somo la fonetiki, ambalo wengi hulikariri kwa ajili ya mtihani, lina soko lake hapa.

Wapo watakaodai kwamba istilahi hujizalia zenyewe mitaani, na kwamba wataalamu wakiingilia kati huzaa maneno yasiyotumika. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. "Tarakilishi" limeishi zaidi darasani na katika karatasi za mitihani, huku watu wakinunua kompyuta. Lakini funzo la tarakilishi ni kwamba wataalamu wasikilize kabla ya kuunda. Halikuwafundisha kunyamaza. Mtaa ulioachwa peke yake ndio uliotupa kipaza sauti chenye maana mbili.

Wengine watasema kwamba soko la michezo hii ni la Kiingereza. Ni kweli kwamba Sylvia Gathoni, anayejulikana kama Queen Arrow, alisajiliwa na timu ya Marekani mwaka 2018. Hata hivyo, mtangazaji aliye Taveta hutenganishwa na wasikilizaji wa Holili na Moshi na mpaka tu. Lugha haiwatenganishi. Kiswahili kinampa hadhira ya nchi kadhaa, ambayo Kiingereza chake huenda kisiifikie.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili, basi, vianze na jambo dogo. Viwaalike watangazaji vijana na mafundi wa sauti, viorodheshe majina ambayo wao wenyewe huyatumia, kisha viwakabidhi wahadhiri orodha hiyo ichujwe na kusanifishwa. Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopata hati yake mwaka 2016, kina wahandisi wanaoweza kusaidia kueleza utendakazi wa kila chombo. Chumba kimoja chenye maikrofoni ya dainamiki, hedifoni na mablanketi kadhaa kinatosha kuwa maabara ya fonetiki na studio ya utangazaji kwa pamoja. Kijana wa Voi akipata jina la chombo, atajua la kuuliza dukani, na akishakinunua, atajua kukitumia. Akikitumia vyema, atasikika hadi Moshi akitangaza kwa Kiswahili.