Kliniki ya meno Rahaleo: Tatizo sio foleni, ni seti za vifaa

Mtwara. Ukitaka kujua kliniki ya meno inaendeshwaje, usihesabu wagonjwa waliokaa kwenye benchi. Hesabu seti za vifaa.

Tuseme ni kliniki ndogo ya mtaani Rahaleo: kiti kimoja, daktari mmoja, msaidizi mmoja, seti sita za vifaa na mashine moja ya kutakasa kwa mvuke. Kwa nyuzi joto 121 vifaa hukaa humo kama dakika 15, kwa nyuzi 134 dakika chache tu. Ila kwanza vinaoshwa na kufungashwa, mashine inapanda joto, mwisho vinakauka. Yote hayo ni nusu saa na zaidi, wakati mwingine karibu saa nzima.

Kliniki ikifungua saa mbili asubuhi na kila mgonjwa akitumia dakika 20, seti zote zimeisha saa nne. Kama mashine haikuwashwa mapema, mgonjwa wa saba atasubiri hata daktari awe na mikono minne.

Hapo ndipo presha inapanda. Mgonjwa analalamika, simu inaita, na njia ya mkato ipo mezani: kufuta vifaa kwa spiriti na kuendelea. Spiriti haitakasi kifaa kilichogusa damu, na homa ya ini aina ya B huambukizwa hata kwa damu kidogo sana.

Haraka inamuumiza mtoa huduma pia. Msaidizi anayekimbizana na foleni ndiye anayejichoma sindano. Dawa za kujikinga na VVU baada ya ajali kama hiyo zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Kama wa kuripotiwa ni bosi mwenye hasira, wapo watakaonyamaza.

Kwa Mtwara, presha hii ina kalenda yake. Minada ya korosho kawaida huanza Oktoba, na mkulima hulipwa baada ya mnada kupitia Amcos. Jino lililouma Julai linaweza kusubiri hadi hela iingie. Malipo yakikwama, kila anayemuuzia mkulima huduma anakwama naye, kama ilivyokuwa msimu wa 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho kwa Sh3,300 kwa kilo na malipo ya baadhi ya wakulima yakachelewa hadi mwaka uliofuata.

Wateja wa bima wangeziba pengo hilo, lakini nako kuna mitikisiko. Machi 2024, baadhi ya hospitali binafsi nchini zilisitisha huduma kwa wanachama wa NHIF zikipinga kitita kipya cha bei. Hospitali kubwa inaweza kuhimili mvutano wa namna hiyo kwa wiki kadhaa. Kliniki ya kiti kimoja yenye kodi ya pango na mishahara, sidhani.

Sasa mtazame mgonjwa aliyetoka Msimbati au Tandahimba. Ameshalipa nauli na hataki kurudi tena. Kutibu mzizi wa jino kunaweza kuhitaji kuja zaidi ya mara moja, kung'oa ni dakika chache. Daktari amechoka, mgonjwa ana haraka, jino ambalo lingeokolewa linatoka. Wote wawili wanaondoka wameridhika, na hilo ndilo linalofanya tabia hii iwe ngumu kuiacha.

Vitu vingine havimo mikononi mwa daktari. Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilikata barabara ya kwenda Dar es Salaam eneo la Somanga, Kilwa, na magari yakakwama kwa siku kadhaa. Anayeagiza ganzi ya wiki moja moja kutoka Dar ana la kujifunza hapo: kabla ya masika, kabati liwe na akiba ya miezi miwili, huku tarehe za kuisha muda zikikaguliwa. Umeme nao, kwa miaka mingi Mtwara na Lindi zimetegemea gesi ya Mnazi Bay, nje ya Gridi ya Taifa. Ukikatika mashine ikiwa katikati ya kazi, vifaa vyote vinaanza upya.

Kinachosaidia ni kupanga miadi kwa idadi ya seti, kuacha nafasi mbili au tatu za wanaokuja na maumivu makali, na kumpa msaidizi kauli ya kusema “vifaa havijawa tayari, tusubiri” bila kufokewa. Mgonjwa akiambiwa saa ya kweli, anaweza kwenda sokoni akarudi.

Tatizo ni kwamba hela ya msimu ikiingia, wazo la kwanza la mwenye kliniki huwa ni kununua kiti cha pili, kwa sababu kiti kinaonekana na wateja. Viti viwili kwa mashine ileile ya kutakasa vinamaliza seti sita saa tatu asubuhi badala ya saa nne.