KILA CHOMBO KWA WIMBILE

Si mara moja wala mara mbili tumewasikia vijana wetu, katika mabaraza ya mjini na ya shamba, wakibishana juu ya mbio za magari. Mmoja husema hakuna dereva duniani mfano wa yule wa Formula 1, kwa kuwa gari lake lina mbio kuliko yote. Wa pili humjibu kwamba huyo amezoea lami iliyofagiliwa, na akiletwa katika vumbi la Naivasha hatafika adhuhuri. Wa tatu huwataja Wamarekani, wanaozunguka kwa kasi ambayo macho hayaifuati. Mjadala huanza kwa mzaha, na aghalabu humalizika kwa watu kununiana.

Sisi hatuuoni mjadala huu kuwa ni upuuzi. Mtu apimavyo jambo la mchezo ndivyo atakavyopima jambo la kazi siku atakapopewa madaraka. Kwa sababu hiyo tumeona inafaa leo tulitazame suala hili kwa utulivu, tukiongozwa na hesabu na si ushabiki.

Na tuanze na gari. Ili hukumu iwe ya haki, magari ya mashindano mbalimbali hayana budi kupita njia moja. Jambo hilo ni la nadra, lakini limewahi kutokea. Huko Austin, katika jimbo la Texas nchini Marekani, kuna njia ya mbio yenye urefu wa kilomita 5.5. Mwezi Machi 2019 magari ya IndyCar yalishindana hapo, na katika kuwania nafasi za kuanzia, Will Power aliyewatangulia wenziwe alizunguka kwa dakika 1 na sekunde 46. Novemba ya mwaka huo huo yalifika magari ya Formula 1, na Valtteri Bottas akazunguka kwa dakika 1 na sekunde 32. Mwaka 2021 ilikuwa zamu ya NASCAR, na gari lililotangulia lilitumia karibu dakika 2 na sekunde 13.

Kwa njia hiyo, basi, hapana ubishi. Formula 1 iliipita IndyCar kwa sekunde 14, na NASCAR kwa zaidi ya 40. Lakini mwenye busara hatosheki na kuijua tofauti. Huuliza pia chanzo chake. Katika Formula 1 kila timu hujiundia gari lake, jepesi, lenye mabawa yanayotumia upepo kulikandamiza chini ili lisiteleze linapokata kona. Katika IndyCar timu zote hutumia bodi ya kampuni moja, Dallara, na injini za Chevrolet au Honda, ili gharama zipungue na washindani wakaribiane. Magari ya NASCAR yana uzito unaokaribia mara mbili ya yale ya Formula 1, nayo yameundwa yakimbie kwa makundi na kustahimili kugongana. Polepole yao si dalili ya ujinga wa waliowaunda. Ni matokeo ya kusudio jingine.

Tena tukihamisha njia, hesabu nazo huhama. Katika njia ya duara ya Indianapolis mwaka 2024, Scott McLaughlin alizunguka mara 4 kwa wastani wa zaidi ya kilomita 376 kwa saa. Huko Monza, Italia, ambako ndiko Formula 1 hukimbia kwa wastani mkubwa kuliko kwingine, mzunguko bora umekuwa wa kilomita takriban 264 kwa saa. Je, tuseme sasa kwamba IndyCar ndilo gari lenye kasi zaidi? La, hasha! Indianapolis ina kona 4 tu, zote za kushoto na zenye mlalo, hali Monza inamlazimisha dereva kukanyaga breki kwa nguvu mara kadhaa katika kila mzunguko. Atakayechukua takwimu hizo mbili na kuziweka katika mizani moja atakuwa amepima nazi kwa pishi.

Wala magari ya Formula 1 yenyewe hayakusalimika na kona za Indianapolis. Mwaka 2005 yalikwenda huko kushindana katika njia iliyounganisha sehemu ya duara hilo na kona za ndani. Matairi ya Michelin yakashindwa kuhimili kona iliyoinama, na magari 14 yakajitoa kabla ya shindano kuanza. Yakabaki 6 tu, mbele ya maelfu ya watu waliolipa viingilio vyao. Matairi yale yalikuwa kazi ya mabingwa wa fani hiyo, lakini hayakufaa kwa njia ile.

Sisi wa Afrika Mashariki hatukuhitaji kulingoja somo hilo kutoka mbali. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na tokea hapo zimekuwa zikiwaumbua wenye kutegemea kasi peke yake. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Matope na mawe yaliyameza mengine yote. Mkenya Joginder Singh alishinda mwaka 1965 kwa gari la Volvo lililokwisha kutumika. Mwaka 1974 alishinda tena, safari hii kwa Mitsubishi Lancer ndogo yenye injini ya lita 1.6, na nyuma yake akaja Björn Waldegård katika Porsche 911. Mwaka 1976 akashinda mara ya tatu. Naye Shekhar Mehta alishinda mara 5: mwaka 1973, kisha mfululizo tangu 1979 hadi 1982. Lancer ile ingepelekwa Monza pamoja na Porsche isingeona hata vumbi lake. Huku kwetu ilifika kwanza, kwa sababu kazi ya huku ilikuwa ni kufika.

Tumelisema la gari. Sasa tuje kwa dereva, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtu akishinda husifiwa yeye, na gari husahauliwa. Mwaka 2023 timu ya Red Bull ilishinda mashindano 21 kati ya 22 ya Formula 1. Anayetazama hilo peke yake atasema gari lilijiendesha. Lakini magari yalikuwa mawili, na madereva wawili: Max Verstappen alishinda mara 19, na mwenzake Sergio Pérez mara 2. Hiki ndicho kipimo cha kwanza tunachokipendekeza barazani: dereva alinganishwe kwanza na yule aliyepewa chombo kama chake.

Kipimo cha pili ni kumtazama dereva aliyehama njia. Nigel Mansell alikuwa bingwa wa Formula 1 mwaka 1992, akavuka bahari, na mwaka 1993 akautwaa ubingwa wa magari ya IndyCar. Kimi Räikkönen, bingwa wa Formula 1 wa mwaka 2007, aliingia katika rali ya dunia mwaka 2010 na 2011, na matokeo yake bora yalikuwa nafasi ya 5. Sébastien Loeb, bingwa wa dunia wa rali mara 9 mfululizo, alikuwa katika timu iliyoshika nafasi ya 2 mwaka 2006 huko Le Mans, Ufaransa, ambako madereva hupokezana usukani kwa saa 24. Fernando Alonso, bingwa wa Formula 1 mara 2, alishinda Le Mans mwaka 2018 na 2019. Alipokwenda Indianapolis mwaka 2017 aliongoza mizunguko kadhaa kabla injini yake haijaharibika. Aliporudi mwaka 2019, akiwa na timu nyingine, hakupata hata nafasi ya kuanza. Mkono ulikuwa ule ule, na macho yale yale. Kilichobadilika ni chombo na watu waliokitayarisha.

Kuna na Robert Kubica wa Poland. Alishinda shindano la Formula 1 nchini Kanada mwaka 2008, kisha mwaka 2011 ajali ya rali ikamvunja vibaya mkono wa kulia. Aliyempima kwa mwaka ule pekee alimfuta katika daftari. Mwaka 2013 akawa bingwa wa dunia wa daraja la pili la rali, mwaka 2019 akarejea Formula 1, na mwaka 2025 akashinda Le Mans pamoja na wenziwe wawili. Kumbe na muda nao ni kipimo, na mwenye pupa ya kuhukumu huukosa.

Kwa vijana wetu tunasema: pendeni mchezo huu, lakini ueleweni. Dereva wa daladala anayejilinganisha na Verstappen amekosea kipimo. Yule amefungiwa njia, amevaa kofia ya chuma, na madaktari wamekaa tayari kumngoja. Huyu amebeba mama mjamzito, na pembezoni mwa barabara wanapita watoto watokao skuli. Kazi ya yule ni kutangulia. Ya huyu ni kuwafikisha watu salama. Dereva aliyekwenda Makunduchi na kurudi kwa miaka 20 bila kumjeruhi mtu ni bingwa katika njia yake, ijapokuwa hakuna anayempigia makofi.

Kwa ndugu zetu watendaji wa Serikali tunasema hivi. Mwisho wa kila mwaka taarifa hukusanywa, na maofisa hupangwa kwa mstari: wa kwanza, wa pili, wa mwisho. Ofisa mwenye gari jipya na barabara ya lami huwekwa mstari mmoja na mwenzake anayengoja maji yajae ndipo avuke kwa mashua. Skuli yenye walimu kamili hulinganishwa na skuli ya kisiwa kidogo ambako mwalimu mmoja anafundisha madarasa matatu. Kisha husemwa kwamba fulani hodari na fulani mzembe. Huko ni kuilinganisha Austin na matope ya Safari. Sote tuliopita chuoni kabla ya kupita skuli tulifundishwa mapema kwamba kupunja vipimo ni dhulma. Na dhulma haiwi ndogo kwa sababu imeandikwa kwa mashine.

Tusifahamike vibaya. Hatusemi uzembe usamehewe kwa kisingizio cha njia mbaya. Gari la Pérez lilikuwa zuri, na tofauti ya 19 na 2 haifichiki kwa maneno. Tunachosema ni kuwa ukali wa hukumu hauna budi kutanguliwa na usawa wa vyombo. Mpe mtu nyenzo alizopewa mwenzake, mpe muda, uijue njia anayopita, kisha mpime bila ya kumwonea haya. Na pale ambapo nyenzo haziwezi kusawazishwa, basi apimwe kwa hatua aliyopiga kutoka pale alipokuta, na si kwa nafasi aliyoshika katika mstari.

Wazee wetu wa bahari hawakuhitaji saa ya sekunde kulijua hili. Hawakumcheka nahodha wa ngalawa kwa kuwa jahazi limempita katika kina kirefu, kwani walijua kwamba mbele kuna mwamba na maji machache, ambako jahazi litakwama na ngalawa itapita. Walitwambia kila chombo kwa wimbile. Basi kabla hatujataja nani bingwa na nani si kitu, barazani au ofisini, tuulize kwanza: chombo gani alipewa, na katika bahari gani?